Mwongozo kamili: kujiandaa, na kumuandaa mtu wako, kwa mwisho mzuri wa maisha

Tuanze na kitu ambacho kila mtu anakijua ila kwenye kikao cha familia hakuna anayekitamka. Mtu akiumwa miezi sita michango inakuja kwa kusuasua, grupu la WhatsApp la ukoo limepoa, kila mtu "yuko vibaya mwezi huu". Akifa tu, ndani ya siku mbili imepatikana hela ya jeneza la maana, maturubai, mabasi ya kwenda mkoani na chakula cha watu mia tatu. Kwa hiyo hela ilikuwepo muda wote. Msimamo wangu ni huo tu, kwamba nguvu tunayoiweka kwenye msiba tuirudishe nyuma kidogo, kwenye wiki na miezi ambayo mhusika bado anaongea, anasikia na anaweza kushika kalamu.

Nitaongelea zaidi Tanzania kwa sababu mambo ya wosia na mirathi yanategemea sheria ya nchi, ila yale ya maumivu na uuguzi ni yale yale ukiwa Mombasa, Bujumbura au Muscat.

Hatua ya 1: Mwambieni mgonjwa ukweli

Hapa ndo familia nyingi zinakwama. Dokta anamuita mtoto mkubwa pembeni, anamwambia saratani imeshasambaa, mtoto anatoka pale anakubaliana na wenzake "mzee asijue, atakata tamaa". Sasa mzee anajua! Mwili ni wake, anaona anavyokonda, anaona watu wanavyonyamaza akiingia sebuleni, anachokosa ni mtu wa kuongea naye tu. Na wakati mnamficha yeye anashindwa kusema kiwanja cha pili kiko wapi, nani anamdai, nani amsamehe, anataka kumuona nani.

Sio lazima umwagie kila kitu kwa mkupuo. Anza kwa kuuliza. "Baba, dokta alivyokueleza wewe umeelewaje?" Nyamaza, msikilize. Halafu, "Ungependa tukwambie kila kitu tunachoambiwa, au mambo mengine tuyabebe sisi?" Wapo watakaosema mbebe nyie, huyo muheshimu, maana kutotaka kujua nako ni haki yake. Ila wengi watakwambia nilikuwa nasubiri mtu aniulize.

Kama mtoto kumwambia mzazi neno la namna hiyo inakuwa nzito (na kwetu inakuwa nzito kweli), mtafute anayeweza: shangazi, mjomba, rafiki yake wa siku nyingi, shehe, padri, mchungaji, au nesi aliyemzoea. Watoto wadogo nao waambiwe kwa lugha yao. Ile tabia ya kuwahamishia kwa mama mdogo halafu wanarudishwa siku ya mazishi wanakuta jeneza, mimi naiona ni ukatili ambao watu wanaufanya kwa nia njema.

Hatua ya 2: Chagua msemaji mmoja

Ugonjwa ukikaza mgonjwa anaweza asiwe na uwezo wa kujibu, na hapo dokta anajikuta na ndugu saba, mmoja anataka India, mwingine anataka apelekwe kwa mtumishi wa Mungu akaombewe, mwingine anasema tumrudishe nyumbani apumzike. Mgonjwa mwenyewe amtaje mtu mmoja wa kumsemea, na amtaje mbele ya wenzake ili kesho asije akaambiwa kajipachika. Sio lazima awe mkubwa. Awe mtu anayeweza kusikia neno gumu bila kuzimia na asiyeogopa kumuuliza dokta maswali.

Huyo msemaji ajue majibu ya mambo haya kutoka kwa mgonjwa: anataka kufia nyumbani au hospitali, matibabu yakiwa hayaponyi tena anataka yaendelee mpaka wapi, ikifika anashindwa kumeza awekewe mrija au hapana, na kipi kinamtisha zaidi. Hilo la mwisho usiliruke. Wengi watakwambia hawaogopi kufa, wanaogopa maumivu na kuogopa kuwa mzigo, na hayo yote mawili yana dawa yake.

Hatua ya 3: Ulizia tiba shufaa mapema

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa, pamoja na kuisaidia familia yake. Watu wakisikia wanadhani ndo hospitali imekata tamaa. Hapana, unaweza kuwa kwenye mionzi au dripu za saratani na hiyo unapata. Dar ulizia Ocean Road, Moshi KCMC, Mwanza Bugando, Arusha Selian, na hospitali kadhaa za makanisa zina manesi wanaowafuata wagonjwa nyumbani. Uganda wako mbali zaidi kwenye hili, Hospice Africa Uganda ilianza 1993 na ndio waliosambaza ile mofini ya maji ya kunywa, na kule mpaka manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika.

Sasa tuongelee hiyo mofini maana uoga wake unatesa watu bure.

Utaratibu wa maumivu ni ngazi. Madogo panadol, yakizidi dawa za kati kama kodini au tramado, yakiwa makali ya saratani ni mofini. Ya maji inakaa mwilini kama masaa manne, kwa hiyo inatolewa kila baada ya masaa manne kwa saa, HAISUBIRIWI mgonjwa alie kwanza. Hapa ndo wauguzi wa nyumbani wanapokosea, wanaona mzee katulia wanasema leo tusimpe, jioni maumivu yanarudi na kuyashusha tena inakuwa kazi. Usiku manesi wengi wanakuruhusu utoe dozi mara mbili kwa mkupuo wakati wa kulala ili mtu apitilize mpaka asubuhi, waulize ya mgonjwa wako.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na anaweza kusikia kichefuchefu, mara nyingi vinapita. Kisichopita ni kukosa choo. Yeyote anayeandikiwa mofini aandikiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, usipoona kwenye karatasi uliza palepale dirishani. Dozi usiongeze wala kuikatisha ghafla kwa akili yako, piga simu. Na lile la "mofini inaua", ikitolewa kwa kipimo kinachopandishwa taratibu haimuui mtu, ugonjwa ndo unaua. Wala mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu hageuki teja.

Hatua ya 4: Kaunta buku

Nunua kaunta buku moja na bahasha kubwa ya kaki. Kwenye buku andika, au mgonjwa aseme wewe uandike:

- Ardhi na nyumba, iko wapi, majirani ni nani, karatasi gani ipo (hati, leseni ya makazi, hatimiliki ya kimila, au yale mauziano ya serikali ya mtaa), na nani kaishika sasa hivi
- Akaunti za benki, SACCOS, kikoba, mfuko wa jamii (NSSF au PSSSF), bima, hisa kama zipo
- Laini za simu na hela zilizomo
- Madeni, anayodaiwa NA anayodai. Haya andika na tarehe na jina la shahidi
- Vitu vya watu vilivyo kwake. Cherehani ya jirani, ng'ombe wa mtu, kiwanja alichomnunulia mdogo wake kwa jina lake mwenyewe
- Watoto wote. Wote. Na huyo wa Tabora

Hilo la mwisho linasababisha vita kubwa kuliko shamba lolote, bora liandikwe leo watu wanune wiki mbili kuliko mtoto atokee kaburini na cheti chake cha kuzaliwa.

Namba za siri usiandike humo. Na jamani, ile tabia ya mtu kafa saa nne, saa tano kuna mtu anatoa hela kwenye simu yake kwa sababu anajua pini, hata kama ni ya kununua sanda, ndo inaanzisha kesi. Mali ya marehemu inashikwa na msimamizi wa mirathi. Kama kuna hela ya matibabu na mazishi itengwe mapema, mwenyewe akiwa hai, na wote wajue iko kwa nani.

Hatua ya 5: Wosia

Kuandika wosia hakumuiti mtu kifo. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wosia wake uwe umeandikwa, sasa sijui huu uchuro tuliutoa wapi.

Kwanza jua uko upande gani. Tanzania Bara mirathi inaenda kwa sheria ya kimila, ya Kiislamu au ya kiserikali, na mahakama inaangalia maisha ya marehemu yalivyokuwa.

Upande wa Kiislamu unaruhusiwa kuusia mpaka theluthi moja ya mali, na theluthi hiyo haiendi kwa mrithi labda wenzake wakubali. Kinachobaki kinagawiwa kwa mafungu ya Qurani, baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa. Kwa hiyo ukiandika "nyumba yote ya mwanangu wa kwanza" umepoteza wino. Kama unataka kumlinda mtu kwa kitu fulani mpe sasa hivi, hiba, akiwa anakipokea mikononi, na umuulize shehe kabla. Zanzibar ndugu wataanzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ugomvi unaenda Mahakama ya Kadhi.

Upande wa kimila zipo kanuni zilizotangazwa 1963 (Tangazo la Serikali namba 436) na ni za kuzifuata kwa makini maana wosia unaangukia kwenye vitu vidogo. Uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe chapa, uwe na tarehe, uonyeshe mwandikaji ana akili timamu na hajalazimishwa. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki, yeye anaweka dole gumba. Wa mdomo nao unakubalika, mashahidi wanne kwa mpango huo huo. Juu ya hao, mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao washuhudie. Anayerithi kwenye wosia asiwe shahidi, ukiacha mke. Na ukitaka kumnyima mrithi wa halali andika sababu waziwazi, na yeye apewe nafasi ya kujitetea, la sivyo mahakama inaweza kuutupa.

Kwanini nawasisitizia hasa wanaume wa upande huu? Kwa sababu kanuni hizohizo za 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ana jamaa wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili walilipeleka hili Mahakama Kuu, 2006 mahakama ikakiri kwamba huo ni ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta, wakaenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ambayo 2015 ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Sasa wewe uliyejenga na mkeo tofali kwa tofali unamuachia apambane na kaka zako kwa sababu uliona aibu kuandika karatasi moja? Andika.

Wa upande wa kiserikali, ambao ni Wakristo wengi wa mjini, mashahidi wawili au zaidi wasio warithi wakuone unasaini na wao wasaini. Jua pia upande huu ukifunga ndoa baada ya kuandika, wosia wa zamani unakufa, unaandika mwingine.

Vitu vya kuweka kwa pande zote: nani atakuwa msimamizi wa mirathi (muombe kwanza, usimshtukize), nani atalea watoto wadogo, nani anapata nini kwa kutaja kitu kwa jina lake na mahali kilipo. Ukishamaliza peleka RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), wanasaidia kuandika na wanatunza, au kwa wakili, benki, au kwa kiongozi wa dini unayemuamini. Halafu mwambie msimamizi uko wapi. Wosia uliofichwa chini ya godoro unaokotwa kwanza na yule asiyetaka usomwe.

Hatua ya 6: Kuzikwa wapi

Kenya wana somo lao. S.M. Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, alifariki Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mkewe, Wambui, akasema mumewe alitaka azikwe shambani kwao Ngong, ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa kwao. Mwili ukakaa mochwari karibu miezi mitano, kesi mpaka Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda na akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Wakili mzima, mwenye kujua thamani ya karatasi!

Sisemi karatasi ingemaliza kila kitu, ukoo ni ukoo. Ila mgonjwa akiwaita wakubwa wa ukoo na mwenzi wake chumba kimoja, akasema "mimi mnilaze Kinondoni hapa hapa" au "mnirudishe kihambani kwa baba", na ikaandikwa na wakasaini, kazi imepungua sana. Hapohapo aseme na bajeti. Kusafirisha mwili Dar mpaka Kilimanjaro au Bukoba ni hela nyingi, na nimeshaona wajane wanabaki na deni la jeneza.

Hatua ya 7: Kumuuguza nyumbani

Kwanza gawaneni zamu. Kwenye familia nyingi anabebeshwa binti mmoja asiyeolewa au mkwe, wengine "wanatuma hela". Hela ni nzuri, ila tumeni na mtu wa kushika usiku mmoja kwa wiki ili huyo dada alale.

Mahitaji: mpira wa kutandika kitandani, pampas za wakubwa, glavu, beseni lake, mito ya ziada, godoro la upepo kama mnaweza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya masaa mawili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, na kila ukimuogesha kagua kiunoni, matakoni, visigino na mabega. Ngozi ikianza kuwa nyekundu au nyeusi isiyorudi hapo usilaze tena, kidonda cha kitandani kinaanza ndani ya siku na kinachukua miezi. Usisugue na spiriti. Mdomo usafishwe mara kwa mara kwa kitambaa laini na maji safi yenye chumvi kidogo, midomo ipakwe mafuta.

Kuhusu chakula, hapa mama zetu wananielewa vibaya lakini nitasema. Mtu anayekaribia mwisho mwili hauhitaji tena chakula kama zamani, hafi kwa sababu ameacha kula, ameacha kula kwa sababu anakufa. Mpe anachotaka, vijiko viwili vya uji, kipande cha embe, soda kama ndo kamuomba. Kumlazimisha kunampalia. Na dripu ambayo ndugu wanaililia mara nyingi siku hizo inaishia kumjaza maji miguuni na kifuani, mtu anaanza kukoroma kwa shida ambayo hakuwa nayo.

Hatua ya 8: Siku za mwisho

Ujue dalili ili usipige makelele ya kukimbiza mtu hospitali saa nane usiku wakati mwenyewe aliomba afie kwake. Atalala muda mwingi, mikono na miguu itapoa na kubadilika rangi, mkojo unapungua na kuwa mweusi, anaweza kuongea na watu waliokwishatangulia. Pumzi inakuja haraka halafu inasimama, unadhani imeisha, inarudi. Kooni kunaweza kuwa na mkoromo wa mate, mlaze ubavu na kichwa kiinuke kidogo, unawatesa zaidi wanaosikiliza kuliko yeye. Akishindwa kumeza dawa piga simu kwa nesi wa tiba shufaa, kuna njia nyingine za kumpa, maumivu yasiachwe yarudi siku hizi.

Huduma za dini ziitwe mgonjwa akiwa bado na fahamu. Mkatoliki mpako wa wagonjwa na komunyo, usisubiri mpaka padri aje kumpaka mtu asiyejitambua. Muislamu aelekezwe kibla, atamkiwe shahada taratibu karibu na sikio bila kumkaripia arudie rudie. Redio izimwe, wageni wapungue, anayejua kuimba nyimbo anazozipenda aimbe. Ongea naye hata kama hajibu, inaaminika usikivu unachelewa kuondoka. Kwa hiyo pia msigombanie kiwanja kitandani kwake.

Maneno ya kusema ni machache. Nisamehe. Nimekusamehe. Asante. Watoto tutawaangalia. Wengine wanasubiri kusikia hilo la nne.

Hatua ya 9: Akishafariki

Akifia nyumbani, toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji mpate kibali cha mazishi. Akifia hospitali wanatoa karatasi ya taarifa ya kifo, itunze. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, cheti cha kifo ndo ufunguo wa benki, mfuko wa jamii na mahakama, kwa hiyo hakikisha majina yanafanana na ya kitambulisho cha taifa (NIDA) herufi kwa herufi.

Kikao cha ukoo kinakaa, wosia unasomwa, muhtasari unaandikwa na wanasaini. Msimamizi anafungua mirathi, ya kimila na ya Kiislamu Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa pale ana miezi minne ya kuorodhesha mali na madeni na kurudisha hesabu, na kuwa msimamizi hakumfanyi mmiliki, hilo aambiwe mbele ya wote na muhtasari ulibebe.

Dawa zilizobaki msigawane. Chupa ya mofini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, hata kama jirani naye ana mgonjwa analia, jirani umpeleke kwa yule nesi.